Kwa Nini Mwanangu Kapewa Dawa Mara Moja Tu?

Siku moja niliingia wodini na vidonge nimevifunga kwenye pindo la kanga. Nilikuwa na hasira. Niliamini nakwenda kumwokoa mwanangu. Nataka nikusimulie habari hiyo, maana huenda siku moja na wewe ukaulizwa swali aliloulizwa mwanangu. Pengine siku hiyo hutakuwa na mtu wa kukushauri.

Ilikuwa Machi 2012. Binti yangu wa tatu ameolewa Mwanza mjini, nayo ilikuwa mimba yake ya kwanza. Sikuweza kukaa nyumbani. Nikafunga safari kutoka kijijini kwetu, upande wa Sengerema. Nilibeba unga wa muhogo, dagaa na kuku wawili. Siku hizo hapakuwa na daraja kati ya Kigongo na Busisi. Daraja limefunguliwa mwaka 2025. Sisi tulivuka kwa kivuko, na siku hiyo tulikisubiri tangu asubuhi hadi saa saba mchana. Kuku mmoja akafa kwa jua.

Uchungu ulimwanza binti yangu Jumatano usiku. Tukampeleka hospitali ya Bugando, ile iliyo juu ya kilima. Kesho yake mpaka saa nane mchana mtoto alikuwa hajatoka. Daktari akasema njia ni nyembamba na mtoto anachoka. Itabidi mama apasuliwe. Mkwe wangu alikuwa amekwenda kutafuta fedha. Mimi nilikuwa nje, kwenye benchi la jamaa za wagonjwa, maana ndani ya chumba cha kujifungulia hawaingii watu.

Jioni nikaitwa. Mtoto wa kiume, mama mzima. Nilipiga vigelegele mpaka mlinzi akaniomba nipunguze.

Asubuhi, saa ya kuona wagonjwa, nilimkuta mwanangu amelala chali, uso umechangamka kidogo. Akaniambia, "Mama, nimeingia katika utafiti."

Nikamwuliza, "Utafiti wa nini?"

"Wa dawa za kuzuia kidonda kisioze."

Kitanda cha pili alilala mama mwingine. Naye alikuwa amepasuliwa jioni ile ile. Alikuwa na mrija mkononi, na muuguzi alikuja mbele ya macho yangu akampa dawa kwa sindano kupitia mrija ule. Mwanangu hakupewa kitu. Nikamwuliza yule mama. Akasema amepewa dawa hizo usiku pia. Naye alikuwa katika utafiti huo huo.

Nikamgeukia mwanangu. "Na wewe je?"

"Mimi nimepewa kabla ya kupasuliwa. Basi. Mwenzangu atapewa kwa siku nzima."

"Nani kapanga hivyo?"

"Kura, mama. Kura yangu imeangukia mara moja. Yake imeangukia mara nyingi."

Ndugu msomaji, jiweke mahali pangu. Watu wawili wamepasuliwa siku moja. Mmoja anapewa dawa, mwingine anatazama. Unaambiwa ni kura! Nikamwuliza kama ametia saini. Akasema ametia. Nikamwuliza kama mumewe anajua. Akasema hakuwepo. Nikamwambia, "Mimi nilikuwa nje hapo, hatua thelathini. Kwa nini hukuniita?"

Akajibu taratibu, "Mama, usinikasirikie. Tumbo lililopasuliwa ni langu."

Sikumjibu. Nilitoka nje nikakaa.

Hasira yangu haikuanza siku ile. Ilianza mwaka 1983. Mwaka huo dada yangu mkubwa alipasuliwa tumbo. Hospitali sitaitaja. Alifikishwa kwenye kitanda cha kamba, uchungu wa siku mbili, na mtoto amekwisha kufia tumboni. Mtu alimletea karatasi na kidau cha wino. Akakishika kidole gumba chake, akakichovya, akakibandika. Hakumsomea. Dada yangu hakujua kusoma.

Alipona, akarudi nyumbani. Hakuona tena siku zake. Watu wakasema amerogwa. Akanywa dawa za miti za kila aina. Akangoja mimba miaka mitatu. Mumewe akaoa mke wa pili. Mwaka wa nne ndipo daktari mwingine alipompima, akamwambia hana mfuko wa uzazi. Uliondolewa siku ile ya upasuaji.

Huenda walimwokoa. Mfuko wa uzazi ukipasuka, mara nyingine hakuna njia nyingine ya kuzuia damu. Hilo nalijua sasa. Lakini hakuna aliyemwambia, si kabla, si baada. Mpaka anakufa, akiikumbuka habari ile alikuwa akikitazama kidole chake.

Basi niliposikia mwanangu ametia saini karatasi, nilimwona dada yangu.

Nikaenda duka la dawa. Nikamwambia muuzaji nataka dawa kali ya kukausha kidonda cha tumbo. Hakuniuliza cheti, wala hakuuliza mgonjwa ni nani. Akanihesabia vidonge kumi vya rangi mbili. Nikavifunga kwenye pindo la kanga. Jioni nikarudi wodini.

Mwanangu alikataa kuvimeza. Nikamlazimisha kwa sauti ya chini. Yeye akakataa kwa sauti ya juu. Muuguzi akasikia, akaja.

Nilitazamia kufukuzwa. Hakunifukuza. Alikuwa binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Aliniita bibi, akanichukua kwa mkono mpaka kwenye benchi karibu na dirisha. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Bibi, wewe unalima nini?"

"Pamba na muhogo."

"Mbegu ya pamba inatoka wapi?"

Nikamwambia inatoka Ukiriguru, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Kila mtu wa kwetu anajua. Mbegu zenyewe zimeitwa UK kwa ajili ya Ukiriguru.

"Watu wa Ukiriguru wakitaka kujua kati ya mbegu mbili ipi ni bora, wanafanya nini?"

"Wanazipanda zote mbili, wanalinganisha."

"Wakipanda moja bondeni penye rutuba, na nyingine juu kwenye mawe?"

Nikacheka. Nikamwambia hapo hawatajua kitu. Mbegu ya bondeni itashinda hata kama ni mbaya.

"Basi ndiyo sababu ya kura," akasema. "Daktari akichagua mwenyewe, mama dhaifu atampa dawa nyingi, mama mwenye nguvu atampa kidogo. Mwisho hatujui kama kilichoponya kidonda ni dawa au ni nguvu za mama. Kura haijui nani ni dhaifu. Kura haijui nani ni tajiri."

Nikamwambia, "Lakini huyu mnampa dawa, na mwanangu mnamnyima."

Hapo akanieleza jambo ambalo sikulijua. Hakuna aliyenyimwa. Wote wawili walipewa dawa zile zile mbili, jentamisini na metronidazoli. Dawa hizo huua vijidudu vinavyoleta usaha. Zinatolewa kabla ya kisu, ili kisu kinapokata ngozi dawa iwe imekwisha kuenea katika damu. Wakati huo ndio ulio muhimu kuliko yote, maana hapo ndipo vijidudu hupata mlango. Kundi la kwanza wanapewa mara hiyo moja tu. Kundi la pili wanaendelea kupewa kwa saa 24. Zile mara za baadaye zinasaidia kitu, au hazisaidii? Hilo ndilo swali.

"Ninyi hamjui?" nikamwuliza.

"Hatujui, bibi. Tungejua tusingeuliza."

Nakwambia kweli, ndugu msomaji, nilikuwa na miaka 57 na sijapata kumsikia mtu wa hospitali akisema "hatujui". Wote niliowaona kabla walisema "meza hii" na "nenda kule". Neno hilo moja lilinipunguzia hasira kuliko maneno yote ya Ukiriguru.

Nikamwuliza faida ya kutoa dawa mara moja ni nini, kama si kubana matumizi. Akakubali kwamba kubana matumizi kumo. Dawa ni fedha, na mara nyingine jamaa za mgonjwa ndio wanaotumwa kuzinunua. Tena muuguzi mmoja ana akina mama wengi usiku, na kila sindano ni kazi. Halafu kuna jambo lingine. Dawa hizi zikitumiwa ovyo, vijidudu huzizoea. Vikizizoea, siku mtu anapougua kweli dawa haifanyi kazi. Akatazama pindo la kanga yangu. Nikafungua, nikampa vidonge vyangu kumi.

Akasema, "Angevimeza hivi, tusingejua tena ni dawa gani imemlinda. Na kama vingemdhuru, tusingejua kilichomdhuru ni nini."

"Na kidonda kikioza?"

Kidonda kikioza atatibiwa mara moja, hatangoja utafiti uishe. Tena watamfuatilia kwa muda wa mwezi mmoja. Akaniambia, "Ukiona wekundu, uvimbe, joto, usaha au harufu, au akipata homa, mlete hata kama ni usiku." Maneno hayo nakupa na wewe. Yanafaa kwa mtu yeyote aliyepasuliwa tumbo, awe katika utafiti au asiwe. Usingoje siku ya kliniki.

Mwisho akaniletea karatasi. Mwanangu alikuwa na nakala yake, lakini mimi sikuwa nimeiomba. Nilikuwa nimekasirika tu.

Nilijifunza kusoma mwaka 1974, chini ya mwembe, katika darasa la watu wazima. Kitabu chetu kilihusu kilimo cha pamba. Mpaka leo neno "palilia" nalisoma haraka kuliko jina langu. Dada yangu hakuja darasani, mumewe alimkataza. Mimi nilisoma mpaka nikapata cheti, kisha nikaolewa, nikalima, nikazaa, na kusoma kukabaki kwa barua na matangazo ya chama cha ushirika. Kwa hiyo karatasi ile ilinichukua saa nzima. Nilifuata maneno kwa kidole.

Neno moja lilinishinda mwanzoni. Nililisoma hi-a-ri. Hiari. Nilikuwa nalisikia siku zote, lakini sikuwa nimeliona limeandikwa. Karatasi ilisema kuingia katika utafiti ni kwa hiari. Yaani hakuna wa kukulazimisha, si daktari, si mume, si mama mzazi. Ilisema pia ukikataa utatibiwa kama wengine. Ukikubali leo na kesho ukabadili nia, unatoka, na matibabu yako hayapungui. Nilisoma hapo mara tatu. Sikuamini. Lakini kitanda cha tatu kulikuwa na mama aliyekataa. Nilikwenda kumwuliza. Akasema hakupenda tu, akawaambia hapana, na wakampasua kama kawaida na wakampa dawa kama kawaida.

Nikajua pia kwamba karatasi zilikuwa mbili. Moja ni ya kukubali upasuaji. Nyingine ni ya kukubali utafiti. Watu wengi huzichanganya. Shika hilo, ndugu msomaji. Unaweza kutia saini ile ya upasuaji na kuikataa ile ya utafiti. Mtu akikuletea karatasi na kukuharakisha, mwulize, "Hii ni ya kupasuliwa, au ni ya utafiti?" Kama ni ya utafiti, mwambie akusomee, au uisome mwenyewe hata kwa kidole kama mimi. Isiwe kwa lugha usiyoijua. Kama hujui kusoma, kidole gumba kinaruhusiwa, lakini lazima awepo shahidi wako anayejua kusoma, asiye mtu wa utafiti huo, asikie yote unayoelezwa. Nakala yako uende nayo nyumbani. Iwe na jina la kiongozi wa utafiti na namba ya simu yake.

Uliza mambo yote. Uliza watakufanyia nini ambacho mgonjwa mwingine hafanyiwi. Uliza kinaweza kukuletea madhara gani, na yakitokea nani atakutibu na kwa gharama ya nani. Uliza utatakiwa kurudi mara ngapi, na nauli ni ya nani. Usione haya. Mtu anayetaka kukata tumbo lako hawezi kuudhika kwa maswali. Akiudhika, basi hiyo nayo ni habari.

Na uliza kibali. Hapa Tanzania utafiti wa tiba kwa watu haufanywi kwa matakwa ya daktari mmoja. Unapitiwa kwanza na kamati ya maadili, na juu yake iko Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ile inayoitwa NIMR. Majaribio ya dawa yanapata kibali pia cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Zamani, mpaka mwaka 2019, kazi hiyo ilikuwa ya Mamlaka ya Chakula na Dawa.

Masharti haya hayakutoka mbinguni. Yalitoka katika maumivu ya watu. Huko Marekani, mahali panapoitwa Tuskegee katika jimbo la Alabama, watumishi wa afya wa serikali waliwafuatilia wanaume weusi wapatao 400 wenye kaswende, kuanzia mwaka 1932 hadi mwaka 1972. Hawakuambiwa ukweli. Penisilini ilipopatikana hawakupewa, ili watafiti waone ugonjwa utakavyokwenda. Wengi wao walikuwa wakulima maskini. Kwa hiyo mtu anayeogopa utafiti usimwite mjinga. Ana sababu. Mimi pia nilikuwa na yangu.

Tofauti niliyoiona Bugando ilikuwa hii. Mwanangu aliambiwa kabla. Alisoma mwenyewe, maana amemaliza darasa la saba. Angeweza kusema hapana. Dada yangu hakupewa nafasi ya kusema lolote, na yake haikuwa hata utafiti.

Tulirudi nyumbani kwa mkwe wangu baada ya siku chache. Kidonda kilikauka. Kilipofika mwezi kilikuwa mstari mweusi tu.

Nilipofika kijijini nilisimulia. Kaka yangu, ambaye ni mvuvi, alinicheka. Akasema, "Wanawajaribia maskini ili matajiri wapone." Yeye mwenyewe alikuwa na ngiri ya kinena mwaka wa sita, ameifunga kwa kitambaa, anavuta nyavu nayo. Tulibishana miaka mingi. Sikuwa na la kumjibu mpaka kitindamimba wangu alipohitimu utabibu, naye akaja na habari za Kamuli, kule Uganda.

Unajua ngiri. Ukuta wa tumbo unalegea na utumbo unatokeza. Madaktari huiziba kwa kushonea kiraka cha wavu mwembamba ndani. Kiraka cha kiwandani ni ghali mno kwa hospitali za vijijini. Basi madaktari wakajiuliza kama kitambaa cha aina ya chandarua kinaweza kufanya kazi hiyo. Kamuli waliwaomba wanaume 302 wenye ngiri, nao wakakubali. Kwa kura, wengine walishonewa kiraka cha ghali, wengine kile cha chandarua. Mwaka mmoja baadaye waliwapima. Katika kundi la chandarua ngiri ilirudi kwa mtu mmoja tu. Katika kundi la kiraka cha ghali haikurudi kwa yeyote. Matatizo mengine ya kidonda yalikuwa karibu sawasawa. Majibu yalitangazwa mwaka 2016. (Usiende kukata chandarua chako cha kitandani. Kile cha Kamuli hakikuwa na dawa ya mbu, na kilisafishwa kwa njia za hospitali mpaka hakina kijidudu.)

Kaka yangu alikaa kimya. Kisha akauliza, "Hao 302 walikuwa matajiri?"

Kijana wangu akasema hapana, ni watu wa vijijini kama wewe. Na jibu lao linawafaa watu wa vijijini kwanza, maana tajiri kiraka cha ghali anakipata.

Kijana huyo alinieleza pia habari za utafiti mwingine wa upasuaji wa tumbo, uliofanyika katika nchi saba, na majirani zetu Rwanda walikuwamo. Hospitali 81 na wagonjwa zaidi ya 13,000. Jambo lenyewe ni dogo la kushangaza. Kabla ya kulishona tumbo, madaktari walivua glavu, wakavaa mpya, wakachukua vifaa vingine visafi. Pale wasipobadilisha, vidonda vilioza kwa wagonjwa kama 19 katika kila 100. Walipobadilisha, ilikuwa 16 katika kila 100. Hayo yalitoka mwaka 2022. Huko kura haikupigwa kwa mtu mmoja mmoja, ilipigwa kwa hospitali nzima. Kabla yake, nchi hizo hizo zilikuwa zimejaribu nyuzi za kushonea zilizotiwa dawa. Watu 5,788 waliingia. Majibu ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba nyuzi hizo hazikushinda nyuzi za kawaida. Kwa hiyo ukiambiwa ukanunue uzi maalumu ili tumbo la mgonjwa wako lisioze, unaweza kuuliza kwa nini.

Sitaki udhani kwamba kila utafiti ni mzuri, au kwamba ukiingia utapona haraka. Hapana. Utafiti unafanywa kwa sababu jibu halijulikani, na kura yako inaweza kuangukia upande utakaoonekana baadaye kuwa ni dhaifu. Atakayefaidi huenda si wewe, ni mtu atakayelala kitanda kile miaka kumi baadaye. Wapo watakaosema hiyo inatosha, wapo watakaosema haitoshi. Mtu akiniuliza leo, nitamwuliza kwanza, "Karatasi umeisoma?"

Kaka yangu alipasuliwa ngiri yake mwaka 2018. Hakuulizwa kuingia katika utafiti wowote. Nadhani alisikitika kidogo, ingawa hakubali.

Nilitaka pia kujua majibu ya mwanangu. Kijana wangu alinitafutia. Utafiti ule wa Bugando ulifanywa kuanzia Oktoba 2011 hadi Mei 2012, na majibu yalichapishwa mwaka 2013. Akina mama walikuwa 500. Waliopewa dawa mara moja walikuwa 250, na vidonda vilioza kwa 12. Waliopewa kwa saa 24 walikuwa 250 pia, na vidonda vilioza kwa 16. Nikamwambia, "Kumbe mara moja ni bora!" Akasema la, tofauti ya watu wanne ni ndogo, inaweza kuja kwa bahati tu. Lililoonekana ni kwamba zile dawa za baadaye hazikuongeza kinga.

Nilimpigia simu mwanangu nikamsomea namba hizo. Alinyamaza, halafu akauliza kama yule mama wa kitanda cha pili anajua. Hatukuwa na namba yake.

Karatasi ya Bugando ninayo mimi, ndani ya sanduku, pamoja na cheti changu cha kisomo. Mwanangu alitaka kuitupa alipohama nyumba. Likizo iliyopita mjukuu wangu alikuja, yule aliyezaliwa siku ile. Aliikuta akitafuta kalamu. Akasimama mlangoni akaisoma yote kwa sauti, bila kutumia kidole, kwa dakika tano hivi. Kisha akaniuliza, "Bibi, huyu mgonjwa aliyetia saini hapa ni mama?"